SOMO LA SOKO: Ua lenye siku yake moja. Yungiyungi la Pasaka linafundisha nini koperative zetu?



Katika mikutano ya vikundi kuna swali linalorudi mara kwa mara. Mtu anasimama nyuma, anasema: «Agronomu, kule Ulaya na Marekani wanalipaka makuta mingi ju ya ua moja tu ndani ya chungu. Siye hapa tuko na udongo, tuko na mvua. Ju ya nini hatuwezi jaribu?»

Swali ni zuri, na halistahili kujibiwa kwa neno moja. Kwa hiyo mwezi huu tutafuata njia ya ua moja tangu likiwa tunguu ndani ya udongo mpaka siku linapouzwa. Tumechagua yungiyungi jeupe la Pasaka, sababu njia yake inajulikana vizuri na ina mafundisho mengi. Mwisho wa somo tutarudi kwetu, kwenye viazi, vitunguu na kahawa. Soma na wenzako, na yule asiyejua kusoma asomewe.

1. NI UA GANI?

Yungiyungi la Pasaka ni ua jeupe, refu kama tarumbeta, lenye harufu nzuri. Asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani, vinavyoitwa Ryukyu. Huko Marekani na Kanada watu wanalinunua likiwa ndani ya chungu, linapambwa kanisani na nyumbani wakati wa Pasaka. Yenga ile ikipita, karibu hakuna mtu anayelitaka tena.

Halipandwi kwa mbegu ya punje kama mahindi. Linatoka kwa tunguu linalofanana kidogo na kitunguu, lakini limejengwa kwa magamba mengi yaliyoshikana. Gamba moja likivunjwa na kuwekwa kwenye unyevu, linazaa vitunguu vidogo. Pia vinaota kwenye shina, chini ya udongo. Hivyo ndivyo mkulima anaongeza mbegu yake. Ni kazi ya subira kama ya mwenye kahawa: anapanda leo, anangoja miaka.

2. NJIA YA TUNGUU, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: shamba la matunguu. Karibu matunguu yote ya yungiyungi la Pasaka yanayouzwa Marekani yanatoka fasi moja ndogo: pwani ya bahari ya Pasifiki, kati ya Smith River katika jimbo la California na Brookings katika jimbo la Oregon. Inasemekana ni sehemu 95 kwa 100. Pale hakuna baridi kali wala joto kali, ukungu wa bahari ni mwingi, mvua ni nyingi na udongo ni wa rutuba. Tunguu linakaa shambani miaka 3, wakati mwingine 4. Kila mwaka linang'olewa, linasafishwa, linapangwa kwa ukubwa, halafu linarudishwa udongoni. Maua yakianza kutoka shambani, wafanyakazi wanayakata, ili nguvu yote ishuke chini kwa tunguu. Huyu mkulima hauzi ua, anauza mbegu.

Hatua ya pili: kupanga na kufunga. Mwezi wa 9 na wa 10 matunguu yanavunwa. Yanapimwa kwa mzunguko wake na kuwekwa kwenye makatoni kufuatana na kipimo. Katoni moja inaweza kubeba matunguu 100 ya ukubwa wa juu, au 250 na zaidi ya yale madogo. Tunguu kubwa litatoa maua mengi zaidi kwenye shina, kwa hiyo bei yake ni ya juu. Hapa hakuna mtu anayechanganya makubwa na madogo ili kujaza gunia. Mnunuzi akifungua katoni anakuta kile kilichoandikwa juu yake.

Hatua ya tatu: baridi. Tunguu hili halitatoa ua kwa wakati kama halijapata baridi. Linawekwa kwenye frigo kubwa karibu wiki 6, kwa digrii kati ya 4 na 7. Baada ya baridi ile, linajua kwamba «majira yamepita», linaanza kujiandaa kutoa ua.

Hatua ya nne: nyumba ya vioo au ya plastiki. Karibu na Noeli, mkulima wa pili, ambaye si yule wa Smith River, ana matunguu ndani ya vyungu. Anakaa karibu na miji ya wanunuzi. Ni nani anayelipa moto wa kupasha nyumba, maji, mbolea, vyungu na mishahara? Ni yeye. Kwa miezi 3 au 4 anatumia tu, hapokei kitu.

Hatua ya tano: duka. Vyungu vinapakiwa kwenye kamio wakati ua la kwanza limevimba na kuwa jeupe, lakini halijafunguka. Likifunguka njiani, limekwisha haribika. Kila chungu kinavishwa karatasi ya kukikinga. Kikikaa siku nyingi ndani ya karatasi ile, majani yanageuka manjano. Dukani au nyumbani, mtu mwenye ujuzi anaondoa vile vidude vya manjano katikati ya ua vyenye unga: hapo ua linadumu zaidi na halichafui nguo. Tena wauzaji wazuri wanaonya wateja kwamba yungiyungi ni sumu kali kwa paka.

Angalia kitu kimoja katika njia hii. Kinachosafiri mbali ni tunguu jepesi, lililosafishwa udongo. Chungu chenye maji na udongo ni kizito, na nchi nyingi zinakataza udongo kuvuka mpaka kwa ajili ya magonjwa na wadudu. Njo maana kazi ya mwisho inafanyika karibu na mnunuzi. Mwenye kutaka kuuza mbali asafirishe kitu chepesi, kikavu, kisichooza.

3. HESABU YA MAJANI

Pasaka haina tarehe moja. Inaweza kuanguka kuanzia tarehe 22 mwezi wa 3 mpaka tarehe 25 mwezi wa 4. Kwa hiyo mwaka mmoja mkulima ana majuma mengi, mwaka mwingine ana machache, na ua lake lazima lifike palepale. Anafanyaje? Anahesabu majani.

Anachukua mimea michache ya mfano. Anahesabu majani yaliyokwisha kufunguka, halafu anapasua mmoja taratibu na kuhesabu yale madogo yaliyobaki yamejikunja ndani. Anajua kwamba tangu siku macho ya maua yanapoonekana mpaka siku ua linafunguka ni karibu wiki 5. Kwa hiyo anapiga hesabu hivi: yamebaki majani 40, na ziko siku 25 kabla ya siku ambayo macho yanapaswa kuonekana. 40 gawanya kwa 25 ni jani moja na nusu hivi kwa siku. Akiona mimea inafungua jani moja tu kwa siku, anaongeza joto. Ikienda mbio, anapunguza. Ikiwahi sana, anaiweka kwenye frigo yenye giza, lakini si zaidi ya wiki 2 hivi.

Huyu mtu hana uchawi, ana kalamu na daftari. Siye tunaopanda vitunguu au nyanya kwa ajili ya sikukuu, ni wangapi wanaandika siku ya kupanda, siku ya kuhamisha miche na siku ya kuvuna? Tukingoja kuona jirani anaanza lini, wote tunafika sokoni siku moja, na bei inaanguka siku hiyohiyo.

4. SOMO LA BERMUDA: USIUZE MBEGU YAKO BORA

Kabla ya California, matunguu ya Marekani yalitoka kisiwa cha Bermuda, ndani ya bahari ya Atlantiki. Biashara ile ilianza katika miaka ya 1800 na ilikua sana. Kisha, karibu na mwisho wa miaka ya 1890, ilianguka. Mimea ilidhoofika, majani yalijikunja, maua yaliharibika.

Watu waliochunguza waliona makosa ya wakulima wenyewe. Matunguu makubwa na mazuri yalipelekwa sokoni. Yaliyobaki, madogo na dhaifu, ndiyo yalipandwa tena. Wengine waling'oa kabla hayajakomaa ili kuwahi meli. Mwaka baada ya mwaka, ugonjwa uliongezeka ndani ya shamba. Ilipofika miaka ya 1920, mtaalamu wa magonjwa ya mimea Lawrence Ogilvie alionyesha kwamba shida ilikuwa virusi. Virusi vya namna hii vinapelekwa na vidukari kutoka mmea hadi mmea, na vinabaki ndani ya tunguu. Mashamba yakaanza kukaguliwa, mimea migonjwa ikaondolewa, na biashara ya Bermuda ikapata nafuu.

Mkulima wa viazi vya kizungu wa Masisi au Lubero anaweza kusoma habari hii na kujiona mwenyewe. Viazi vikubwa vinakwenda kwa mnunuzi, vile vidogo tunaita «mbegu». Udogo peke yake si kosa: kiazi cha ukubwa wa yai la kuku, kutoka mmea wenye afya, ni mbegu nzuri. Kosa ni kwamba mmea mgonjwa njo unazaa vidogo vingi. Ukichagua mbegu ndani ya lundo baada ya kuvuna, bila kujua umechagua ugonjwa.

Fanya hivi. Wakati viazi vinaanza kutoa maua, pita shambani asubuhi. Tafuta mimea yenye nguvu, majani yasiyojikunja, yasiyo na madoa. Piga kijiti pembeni ya kila mmea mzuri. Rudi baada ya wiki 2: mmea uliopata ugonjwa, ondoa kijiti chake. Siku ya kuvuna, ng'oa kwanza ile yenye vijiti, peke yake. Mmea wenye viazi vichache au vibovu, uweke kwa chakula. Vingine ndivyo mbegu yako. Kazi hii haiombi dola hata moja. Kama koperative inataka kuuza mbegu kwa wengine, huduma ya serikali yenye kazi ya kukagua mbegu ni SENASEM. Jiandikisheni mapema, kabla ya kupanda.

5. SOMO LA VITA: BEI YA GHAFULA SI MSINGI

Baada ya Bermuda, Japani ilishika soko. Marekani ikategemea Wajapani kwa matunguu. Mwaka 1919, askari mmoja aliyetoka katika Vita ya Kwanza, Louis Houghton, alileta sanduku la matunguu pwani ya Oregon ya kusini. Hakufungua kampuni. Aliwagawia rafiki na majirani, wakayapanda kwa kupenda tu.

Mwezi wa 12 mwaka 1941, Japani ilishambulia Pearl Harbor. Meli za matunguu zikakatika mara moja. Wale majirani wenye vitunguu nyuma ya nyumba wakajikuta na mali kubwa. Watu waliyaita «dhahabu nyeupe». Kila mtu akataka kulima. Kufikia 1945 walikuwa wakulima wapata 1,200, wametawanyika kwenye pwani ile ndefu.

Halafu? Vita ikaisha, mali ikajaa, bei ikashuka. Wengi waliacha. Waliobaki ni mashamba machache sana, hata 10 hayafiki, na karibu wote wanategemea aina moja ya yungiyungi, inayoitwa Nellie White kwa jina la mke wa mkulima mmoja. Leo wana shida zao: minyoo midogo ya udongo inayokula mizizi, madawa ya gharama ambayo watu wanalalamikia kuingia ndani ya maji ya mto, na wafanyakazi kukosekana.

Sisi tunajua vita kuliko wao. Tunajua jinsi bei ya kitu inapanda kama moshi wakati barabara inafungwa, na jinsi inavyoshuka barabara ikifunguka. Mwenye kukopa ili apande shamba kubwa kwa bei ya wakati wa shida, deni lake litabaki wakati bei imekwisha kuondoka.

6. SAA YA AALSMEER: NGUVU YA KUUZA PAMOJA

Mayungiyungi mengine, yenye rangi nyekundu, manjano na waridi, yana njia nyingine. Matunguu yake mengi yanatoka Uholanzi. Waholanzi wanayagandisha kwa digrii moja au 2 chini ya sufuri, yanalala karibu mwaka mzima, na wanayatoa kidogokidogo ili maua yapatikane kila mwezi. Mengine wanayatoa Chile na New Zealand, fasi ambazo majira yake yamegeuka.

Lakini kitu cha kupendeza zaidi kwa koperative ni soko lenyewe. Katika mji wa Aalsmeer, mwanzo wa miaka ya 1900, wakulima wa maua walichoka na wachuuzi. Mchuuzi alimfuata kila mkulima peke yake, akamwambia: «Mwenzako ameniuzia kwa bei ya chini.» Nani angejua kama ni kweli? Wakulima wakaunda mnada wao. Leo mnada huo, Royal FloraHolland, ni mkubwa sana duniani, na bado ni koperative: wenye mali ni wakulima wenyewe, pamoja na wengine wa Kenya na Ethiopia.

Namna ya kuuza ni hii. Kuna saa kubwa. Bei inaanza juu, inashuka haraka. Wanunuzi wote wanaangalia. Wa kwanza kubonyeza ndiye anayenunua, kwa bei ile. Ukingoja sana ili upate rahisi, mwenzako anakupokonya. Kuna bei ya chini ambayo haivukwi. Mali isiyopata mnunuzi kwa bei ile inaharibiwa, haitupwi sokoni kuua bei ya wengine. Siku hizi sehemu kubwa inauzwa pia kwa kontra, bila kupita kwenye saa, lakini bei ya saa inaonekana na wote.

Hatuhitaji saa kubwa ili kufanya vile. Ubao mweusi mbele ya depo, wenye bei ya wiki hii ya Goma, ya Butembo au ya Bukavu, unaweza kumnyamazisha yule anayesema «mwenzako ameniuzia rahisi».

7. NANI ANABEBA HASARA?

Turudi kwa mwenye vyungu. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya kweli ya soko. Ana vyungu 1,000. Kila kimoja kimemgharimu dola 4, jumla 4,000. Bei ya kuuza ni dola 6.

Akiuza vyote kabla ya Pasaka: 6,000. Faida 2,000.
Akiuza 700: 4,200. Faida 200.
Akiuza 600: 3,600. Hasara 400.

Anahitaji kuuza 667 ili tu arudishe makuta yake. Vyungu 333 vya mwisho ndivyo vyenye faida yote! Na vile ambavyo Yenga ya Pasaka imevikuta dukani, Jumatatu si kitu.

Sasa, maduka makubwa mengine ya Marekani yana kontra ya namna hii: mkulima analeta vyungu, lakini analipwa vile tu ambavyo mteja amepitisha kwenye kasa. Kisichouzwa ni hasara ya mkulima. Duka limepata mapambo ya bure.

Hiyo si habari ya mbali. Ukiacha magunia kwa mchuuzi anayesema «nitakulipa nikiuza», umekuwa kama yule mwenye vyungu. Kabla ya kutia sahihi au kupiga kidole, komite iulize: mali ikioza njiani, ni ya nani? Ikibaki, ni ya nani? Malipo ni siku gani? Kama jibu la yote ni «ya koperative», basi bei inapaswa kuwa ya juu kulipia hatari hiyo. Bila hivyo, tafuteni mwingine.

8. SASA JIBU LA SWALI

«Siye hatuwezi jaribu?» Papa, mama, kwa yungiyungi la chungu la kuuza Marekani, jibu letu ni hapana. Soko lake ni la siku moja, linashikwa na watu wachache, na chungu chenye udongo hakivuki mipaka. Hata maua ya kukatwa, kama waridi la Kenya linalolimwa kando ya ziwa Naivasha, yanafika Uholanzi kwa sababu kuna frigo shambani, frigo kwenye kamio na ndege zinazoondoka kila siku. Frigo ikikatika, ua linaharibika haraka. Sisi tunahesabu siku ambazo kamio imelala kwenye matope.

Kwa maua ya kuuza mjini kwetu, kwa ndoa, misiba na sikukuu, jibu ni: anzeni na kitalu kidogo, kwa makuta ambayo kupotea kwake hakutafunga shule ya mtoto. Ulizeni kwanza wanunuzi 5, kisha ndiyo mpande.

Lakini akili ya biashara ile ya maua tunaweza kuichukua yote, bure, na kuiweka ndani ya viazi, vitunguu na kahawa.

YA KUSHIKA KICHWANI

- Mbegu bora inabaki shambani. Piga vijiti kabla ya kuvuna.
- Panga mali kwa ukubwa. Mfuko useme ukweli juu ya kilicho ndani.
- Andika tarehe. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya soko.
- Safirisha mbali kitu kikavu na chepesi.
- Bei ionekane na wote kwenye ubao.
- Usitie sahihi kabla ya kujua hasara ni ya nani.
- Usikope kwa bei ya wakati wa shida.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Msimu uliopita, mbegu zetu zilitoka wapi? Nani alizichagua, na wakati gani?
2. Katika mali yetu, ni ipi yenye «Pasaka» yake, yaani siku ambayo baada yake bei inaanguka? Tulifika kabla au baada?
3. Piga hesabu kama ile ya vyungu kwa magunia yenu: ni gunia la ngapi linaloanza kuleta faida?
4. Mnunuzi wetu mkubwa akiacha kuja kesho, tutamuuzia nani?

Andikeni majibu kwenye daftari la koperative, na mumpe agronomu wenu siku atakapopita. Kazi njema, na mvua iwe ya kiasi.